Kinachokosekana Kwenye Lava

Kusini mwa Chile, katika mkoa wa Araucanía, mlima Llaima una urefu wa mita 3,125, theluji kileleni na mabaka meusi ubavuni. Mabaka hayo ni lava iliyotiririka, ikapoa, ikaganda. Miaka yake inajulikana: ipo lava ya 1640, ipo ya 1751, ipo ya 1957. Tarehe 1 Januari 2008 mlima ulilipuka tena. Katika eneo hilohilo hustawi misitu ya araucaria, miti ya kale yenye majani magumu yaliyochongoka, ambayo mbegu zake ni chakula cha Wapehuenche tangu enzi za mababu zao.

Kwa mtafiti wa udongo, Llaima ni hazina. Mahali pengi duniani si rahisi kujua udongo ulianza lini; pale una tarehe ya kuzaliwa. Lava ilipopita iliunguza kila chenye uhai, ikaacha mwamba mtupu, na hesabu ikaanza upya. Mwenye kuchota udongo juu ya lava ya 1957, kisha ya 1751, kisha ya 1640, anashika mkononi hatua tatu za safari moja. Ndivyo walivyofanya Marcela Hernández na wenzake, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2014. Walitaka kujua jambo ambalo hadi wakati huo halikuwa limechunguzwa katika udongo mpya wa volkano: ni viumbe gani wanaoigeuza amonia, na wanafika mapema kiasi gani?

Swali hilo linaonekana dogo. Lakini ndani yake mna siri ya rutuba inayosifiwa na kila mkulima anayeishi chini ya mlima wa moto.

Sifa na upungufu wake

Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, Wachaga wametunza vihamba vyao kizazi baada ya kizazi: migomba juu, mibuni kivulini mwake, ng'ombe zizini, samadi ikirudi shambani. Rungwe, Meru, Elgon na Virunga nako watu wamejazana kwenye ardhi ya volkano kwa sababu inalisha. Huko Goma, lava ya Nyiragongo ilikatiza mjini Januari 2002, na mwezi Mei 2021 ikashuka tena hadi pembezoni mwa mji. Bado watu wamerudi, wamejenga, wanalima.

Sifa hiyo ni ya haki, ila haijakamilika. Lava na majivu huja na kalsiamu, magnesiamu, potasiamu, chuma na fosforasi. Mwamba unapomomonyoka, madini hayo hutoka kidogokidogo na kuingia kwenye maji ya udongo. Kisichokuja na mlima ni nitrojeni. Katika lava iliyotoka kuganda nitrojeni ni kama haipo, na pasipo nitrojeni hakuna protini, hakuna klorofili, hakuna DNA. Mmea unaweza kuzungukwa na madini mengine yote na bado ukadumaa, majani yakiwa ya manjano.

Ushahidi mzuri wa jambo hili umetoka Hawaii, visiwa vilivyozaliwa na volkano kimoja baada ya kingine. Peter Vitousek wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walilinganisha misitu ya miti ya ʻōhiʻa iliyoota kwenye ardhi yenye umri tofauti, kuanzia takriban miaka 300 karibu na volkano ya Kīlauea hadi miaka milioni 4.1 kwenye kisiwa cha Kauaʻi. Walitia mbolea kwa vipimo, wakaangalia mti unakuaje. Kwenye ardhi mpya, miti iliyopewa nitrojeni ilichangamka. Kwenye ardhi kongwe nitrojeni haikuwa tatizo tena. Kilichokuwa kimepungua ni fosforasi, iliyokuwa imesombwa au kufungwa ndani ya madini kwa mamilioni ya miaka. Yaani volkano inatoa fosforasi mwanzoni na haitoi nitrojeni. Nitrojeni inakusanywa na viumbe, polepole, kutoka hewani.

Hewani imejaa tele, asilimia 78 ya hewa tunayovuta. Lakini atomi zake mbili zimeshikana kwa nguvu ambayo mimea haiwezi kuivunja. Radi huvunja kiasi, na mvua hukishusha. Vumbi na maiti za wadudu wanaopeperushwa na upepo huleta kingine. Kilichobaki ni kazi ya bakteria wenye uwezo wa kuifunga nitrojeni ya hewa na kuifanya amonia. Kwenye lava za Nyamulagira, mashariki mwa Kongo, miongoni mwa wanaotangulia kutanda juu ya mawe ni kuvumwani wa kijivu aitwaye Stereocaulon. Ndani ya vinundu vyake huishi sianobakteria, na hao ndio wanaovuta nitrojeni ya hewa na kuigawa kwa mwenyeji wao. Kuvumwani huyo akifa na kuoza, amonia inabaki mwambani.

Lango la amonia

Amonia ikishaingia kwenye udongo wenye unyevu, sehemu kubwa yake hugeuka amoniamu, chembe yenye chaji chanya. Udongo na mboji vina chaji hasi kwa wingi, kwa hiyo amoniamu hunasa na kutulia pale ilipo. Akitokea kiumbe wa kuioksidisha, inakuwa nitriti, kisha nitrati, yenye chaji hasi. Nitrati hainasi kirahisi. Inasafiri na maji: ikikutana na mzizi, mmea umepata chakula, isipokutana nao, inazama hadi mtoni au kwenye maji ya chini ya ardhi. Na mahali ambapo hewa ni haba, bakteria wengine huigeuza kuwa gesi ikarudi angani.

Kwa hiyo hatua ya kwanza, ya amonia kuwa nitriti, ni lango. Kasi ya hatua hii ndiyo inayoamua kwa sehemu kubwa kama nitrojeni itakaa shambani au itaondoka.

Kwamba lango hili lina walinzi walio hai ilijulikana mwaka 1877. Wafaransa Jean-Jacques Schloesing na Achille Müntz walijaza mchanga na chokaa katika mrija wa kioo wenye urefu wa mita moja, wakapitisha maji taka juu yake taratibu. Kwa karibu siku 20 amonia ilitoka chini kama ilivyoingia. Kisha, ghafla, nitrati ikaanza kutokea. Kama ingekuwa kemia tupu ya mchanga na hewa, ingeanza siku ya kwanza. Wakapitisha mvuke wa klorofomu, dawa ya usingizi ya wakati huo, na nitrati ikakoma. Wakaondoa klorofomu, wakatia maji yaliyosuuza udongo kidogo wa bustani, na kazi ikaanza tena. Kitu kinacholazwa kwa dawa ya usingizi hakiwezi kuwa jiwe.

Kuwapata viumbe wenyewe kulichukua miaka mingine 13. Maabara za zama hizo ziliotesha bakteria kwenye jelatini na mchuzi wa nyama, na walinzi wa amonia walikataa kuota humo. Sergei Winogradsky, mzaliwa wa Kyiv aliyekuwa akifanya kazi Zürich, alifanya kinyume: aliondoa vyakula vyote vitokanavyo na viumbe, akabakiza chumvi za madini, amonia na hewa. Wakaota. Mwaka 1890 akaeleza kwamba bakteria hawa wanapata nguvu kwa kuoksidisha amonia na kujenga miili yao kwa kabonidayoksaidi, bila mwanga wa jua na bila kula kiumbe mwingine. Maisha ya namna hiyo yanafaa kabisa mahali ambapo hakuna cha kula, na lava ni mahali pa namna hiyo.

Kwa zaidi ya miaka 100 baada ya Winogradsky, wataalamu waliamini kwamba kazi hii ni ya bakteria peke yao, hasa jamii za Nitrosomonas na Nitrosospira.

Wageni kutoka tangi la samaki

Mwaka 2005 imani hiyo ilianguka. Kundi la David Stahl wa Chuo Kikuu cha Washington lilichukua changarawe kutoka tangi la samaki wa bahari ya tropiki katika jumba la maonyesho ya viumbe wa majini la Seattle. Humo walipata kiumbe mwembamba mno, mwenye upana wa takriban maikromita 0.2, anayeishi kwa amonia. Hakuwa bakteria. Alikuwa arkea, tawi jingine kabisa la uhai, lililojulikana zaidi kwa viumbe wa chemchemi za moto na maziwa ya chumvi kali. Wakamwita Nitrosopumilus maritimus.

Mwaka uliofuata, Christa Schleper na wenzake walichunguza udongo wa sehemu 12, wa mashambani na wa porini, katika kanda tatu za hali ya hewa. Walitafuta jeni iitwayo amoA, inayobeba maelekezo ya kutengeneza sehemu ya kimeng'enya cha kuoksidisha amonia. Jeni ya arkea na ya bakteria zinafanya kazi inayofanana lakini zimeandikwa tofauti kiasi cha kutosha kuzitenganisha. Kila mahali arkea walikuwa wengi zaidi, na penginepo jeni zao ziliwapita bakteria mara 3,000. Viumbe waliokuwa chini ya nyayo za kila mkulima walikuwa hawajahesabiwa hata mara moja.

Hesabu ya Llaima

Hernández na wenzake waliipeleka hesabu hiyo kwenye lava zenye tarehe. Kazi ya kuhesabu haifanywi kwa darubini. Viumbe hawa wanafanana mno na ni wadogo mno. Udongo hupondwa na kutikiswa kwenye kichupa pamoja na dawa na shanga ndogo ngumu zinazopasua seli, DNA ikatoka na kusafishwa hadi libaki tone la maji maangavu. Tone hilo huingizwa kwenye mashine inayonakili jeni moja iliyochaguliwa, hapa amoA, ikiongeza nakala maradufu kila mzunguko. Kadiri jeni ilivyokuwa nyingi mwanzoni, ndivyo mizunguko inavyopungua kabla mwanga wake haujaonekana kwenye skrini. Kutokana na idadi ya mizunguko, mtafiti anarudi nyuma kimahesabu na kupata idadi ya jeni katika kila gramu ya udongo.

Kando ya hesabu hiyo hupimwa uwezo wa udongo wenyewe. Njia moja iliyozoeleka ni kutikisa udongo ndani ya chupa yenye amoniamu, na kutia kloreti ili kuwazuia wale wanaoimalizia nitriti kuwa nitrati. Nitriti inajilimbikiza. Kila baada ya saa kadhaa huchotwa kiasi kidogo na kutiwa kitendanishi cha Griess, na maji yanageuka waridi. Waridi ikikolea haraka, walinzi wa lango wana nguvu.

Matokeo ya Llaima yalikuwa wazi. Udongo wote ulikuwa na uwezo mkubwa wa kuoksidisha amonia, na uwezo huo ulikuwa mkubwa zaidi kwenye udongo mpya kuliko ule wa karne zilizopita. Arkea waliwazidi bakteria kwa idadi katika kila eneo, na uwezo wa udongo ulipanda na kushuka sambamba na idadi yao. Bakteria walikuwepo, wengi wao wa jamii ya Nitrosospira, na Nitrosomonas hapa na pale. Mtu angetarajia viumbe hawa wangoje msitu ukomae na mboji irundikane. Badala yake walikuwa miongoni mwa walowezi wa mwanzo.

Kwa nini arkea? Sababu ya kwanza ni kwamba wanajua kuishi na kidogo. Vipimo vya mwaka 2009 kwa Nitrosopumilus vilionyesha kwamba anaweza kunasa amonia iliyo haba kiasi ambacho bakteria waliozoeleka maabara wasingeweza kuishi nacho. Sababu ya pili ni ujenzi wa mwili. Kuoksidisha amonia kunalipa nguvu kidogo sana, na kujenga mwili kwa kabonidayoksaidi ni gharama. Mwaka 2014 ilibainika kwamba arkea hawa wanatumia njia ya kikemia ya kufunga kaboni ambayo ni nafuu kuliko zote zinazojulikana miongoni mwa viumbe wanaohitaji oksijeni. Juu ya mwamba ambako kila chembe ya amonia imeletwa na mvua au kuvumwani, ubanifu wa namna hiyo ndio unaompa kiumbe nafasi ya kubaki.

Sababu ya tatu ni uchachu. Udongo wa Llaima una tindikali, na hapo pana kitendawili cha zamani. Kimeng'enya cha walinzi hawa kinashika amonia yenyewe, wala si amoniamu. Katika udongo wenye pH ya karibu 5, amonia halisi ni molekuli moja tu kati ya zaidi ya 10,000; zilizobaki zote ni amoniamu. Kiumbe anayeitegemea ni kama mtu anayechambua gunia la mchele akitafuta punje moja nyekundu. Bakteria waliooteshwa maabara walikuwa wakikata tamaa kwenye uchachu huo, na hata hivyo mashamba yenye tindikali yaliendelea kutoa nitrati. Jibu mojawapo lilipatikana mwaka 2011 katika udongo wa Scotland: arkea aliyepewa jina Nitrosotalea devanaterra, anayeota pH ikiwa kati ya 4 na 5.5 na anayeshindwa kwenye udongo usio na tindikali. Jeni zilizosomwa Llaima zilionyesha ndugu zake wapo pale, pamoja na ndugu wa Nitrososphaera, jamii ambayo mmoja wao alioteshwa kutoka udongo wa bustani mjini Vienna.

Llaima haiko peke yake. Katika bonde la Grændalur huko Iceland, ambako joto la volkano hupasha udongo kutoka chini, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta arkea wakitawala kazi ya kuoksidisha amonia kwenye udongo wa malisho. Na mwaka 2008 watafiti walikuwa wamepima amonia ikigeuzwa nitrati ndani ya matope ya chemchemi za moto za Iceland na Kamchatka, kwenye joto la karibu nyuzi 85 na pH ya 3. Hiyo ni tindikali inayokaribia ile ya siki, tena ikiwa ya moto wa kuunguza ngozi.

Kutoka mlimani hadi shambani

Chile ina historia ndefu na nitrojeni. Zaidi ya kilomita 1,500 kaskazini mwa Llaima, kwenye jangwa la Atacama, nitrati imelala juu ya ardhi kwa sababu mvua ya kuisomba hainyeshi. Mali hiyo ilichangia kuwasha vita vya 1879 hadi 1884 kati ya Chile, Peru na Bolivia, na kwa miongo mingi mashamba ya Ulaya yalitegemea meli zake. Kisha Fritz Haber akaonyesha mwaka 1909 namna ya kutengeneza amonia kutoka hewani, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau nchini Ujerumani kikaanza kuizalisha kwa wingi. Tangu hapo mkulima anaweza kununua kwa mfuko kile ambacho lava inakikusanya kwa karne nzima.

Tatizo ni kwamba walinzi wa lango hawachagui. Urea inayotiwa kwenye mahindi kama mbolea ya kukuzia hugeuka amoniamu ndani ya siku chache, na mara moja wanaanza kuifanyia kazi. Pale amonia inapomwagwa kwa wingi, bakteria walio wachache kwenye udongo maskini hupata nafasi ya kuongezeka; arkea hubaki imara zaidi pale inapotoka taratibu kwenye mboji inayooza. Kazi hiyo pia inaacha tindikali, na ndiyo maana shamba linalopewa urea mwaka baada ya mwaka bila chokaa wala samadi linazidi kuchacha. Mvua kubwa ikishuka kabla mizizi haijatanda, nitrati inazama nayo. Sehemu nyingine hutoka kama oksidi ya nitrasi, gesi inayopasha dunia joto karibu mara 270 zaidi ya uzito uleule wa kabonidayoksaidi katika kipindi cha miaka 100.

Udongo wa volkano una kinga yake. Majivu yakioza huzaa madini yaitwayo alofani, ambayo kwenye tindikali hubeba chaji chanya na hivyo hushika nitrati kwa muda. Kinga hiyo inachelewesha hasara lakini haiizuii.

Watu wamejaribu kulifunga lango kwa dawa. New Zealand, nchi ya maziwa na ya udongo mwingi wa volkano, ilitumia DCD, kemikali inayowapunguza kasi viumbe hawa, kwenye malisho ya ng'ombe. Mabaki yake yalipogunduliwa kwenye maziwa, mauzo yake yalisitishwa mwaka 2013. Mbinu nyingine imetoka Afrika. Majani ya malisho ya Brachiaria humidicola, ambayo asili yake ni bara hili, hutoa kwenye mizizi kemikali inayoitwa brakialaktoni. Guntur Subbarao wa taasisi ya utafiti wa kilimo ya Japani, JIRCAS, pamoja na wenzake wa kituo cha CIAT nchini Colombia, walieleza mwaka 2009 jinsi inavyoziba njia ya vimeng'enya vya Nitrosomonas. Amoniamu inabaki amoniamu, udongo unaishika, na mmea unaichukua kwa wakati wake. Katika majaribio ya Colombia, mahindi yaliyopandwa mahali palipokuwa na malisho hayo yalinufaika zaidi na mbolea ya nitrojeni kuliko yaliyopandwa kwenye ardhi ambayo haikuwa nayo.

Kwa mkulima wa Rungwe au Kilimanjaro, somo la Llaima lina matumizi ya msimu huuhuu. Udongo wake umejaa viumbe waliozoea kupokea nitrojeni kidogokidogo, na samadi na majani yanayooza chini ya migomba yanawapa hivyo hasa. Kama ni urea, kuigawa mara mbili au tatu, kuifukia badala ya kuimwaga juu, na kuisubirisha hadi mahindi yamefika magotini kunawakuta viumbe hao kazini wakati mizizi nayo iko tayari kuipokea nitrati wanayoitoa.